Maji Kwanza, Halafu Soda

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye paa la jirani, nilifanya jambo moja la kipumbavu. Nilivaa glavu za mpira, nikafungua ndoo ya soda ya kutengenezea sabuni, ile soda nyeupe inayokula ngozi, nikaitazama. Nikaendelea kuitazama. Kisha niliifunga, nikavua glavu, nikaenda kupanga mezani sabuni za watu wengine zilizotoka Uvira, nikaziuza kama kwamba ndiyo kazi niliyoitamani maishani.

Mama hakuniuliza neno. Yeye alikuwa upande wa pili wa ua, anachuja mafuta ya mawese kwa kitambaa, kama kwamba leo ndiyo siku nitakayopika sabuni tena. Alichuja kila mara Alfani, mchuuzi wa mafuta, alipotuletea bidoni. Yalikaa kwenye bidoni, safi, mekundu, yananingoja. Nilianza kuyachukia, maana yalikuwa yananiamini.

Asubuhi hiyo nilikuwa bado nimeshika kifuniko cha ndoo niliposikia kishindo. Mama alikuwa ameangusha bakuli la mafuta, kitambaa cha kuchujia kikabaki kinaning'inia kwenye mdomo wa bidoni. Alivuta kikwembe, akajifunika kichwa chote, akakimbia huku ameinama, akapotea nyuma ya jiko.

Sikuhitaji kugeuka. Mwanamume ambaye mama yangu alimkimbia hivyo alikuwa mmoja tu duniani.

"Bonjour, Keren," Norbert alisema langoni. "Tunaingia."

Kwetu, watu wa milima ya Moba, posa ikishapokelewa, mama wa msichana haonani tena uso kwa uso na mkwe wake. Wakikutana njiani, mama anaingia majanini. Akimsikia mbele ya nyumba, anatokea mlango wa nyuma. Ni heshima, na inadumu mpaka sherehe ya kuwaondolea haya, baada ya ndoa. Sisi tunaishi Kataki, mjini, ambako hakuna majani ya kuingia. Kwa hiyo Mama huingia popote.

Ndivyo nilivyoungua. Norbert alikuwa mchumba wangu wakati huo, na mimi nilikuwa na wateja mpaka Kabimba. Siku ile alikuja bila kutuma ujumbe. Nilikuwa nimetangulia kumwaga soda kwenye baseni ili niione rangi yake, na ndoo ya maji ilikuwa kando. Kila mpika sabuni anajua utaratibu: maji kwanza, halafu soda, kidogo kidogo. Soda ikitangulia na maji yakaja juu yake, inachemka na kuruka kama mnyama aliyekanyagwa. Mama alisikia sauti ya mkwe, akakimbia kujificha, na mguu wake ukapiga ile ndoo. Maji yote yaliingia kwenye baseni. Mimi nilikuwa nimeinama juu yake.

Jambo hilo halikusemwa nyumbani kwetu hata mara moja. Liliitwa "siku ile," basi.

Norbert alikuja hospitali mara moja. Alisimama mlangoni na chupa ya juisi, akamwuliza muuguzi kama kidonda cha namna hiyo kinaambukiza. Kisha alirudi kwenye kazi yake Kabimba, kwenye biro ya kiwanda cha saruji, na kuanzia hapo mtandao wa Kabimba, ambao ulimruhusu kila mtu kupiga simu, ulimkataa yeye peke yake. Hata hivyo, alipopita sokoni na pikipiki, Mama alijificha nyuma ya magunia ya mihogo. Wauzaji walicheka. Mimi nilitazama chini. Sikuelewa kwa nini mama yangu anamheshimu mtu aliyetutupa.

Na sasa alikuwa uani kwetu, ananukia marashi kuliko bibi harusi. Alipangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa, kiti ambacho nilikuwa nimekipangusa mwenyewe asubuhi ileile. Shangazi yake, Mama Denise, hakupangusa chochote. Alikaa kama mtu aliyekwisha kuinunua nyumba na anafikiria aibomoe lini.

"Mama yako yuko?" aliuliza.

"Yuko nyuma ya jiko."

"Vizuri. Muke mwenye adabu. Bado anajua sisi ni nani." Alinipungia mkono. "Sogea huku kwenye mwanga, tuone."

Nilisogea. Mimi ni mtu wa kusogea nikiambiwa. Alinishika kidevu, akaigeuza shingo yangu huku na huku, kama mtu anayechagua nyanya jioni, wakati nzuri zimekwisha.

"Si mbaya sana. Nilielezwa ni mbaya zaidi. Kola ndefu itafunika mpaka hapa. Hapa kwenye taya, mutapiga picha upande mwingine."

"Shangazi," Norbert alisema kwa upole wa mtu anayependa kuusikia upole wake.

"Ninamwambia ukweli. Muntu wa familia njo anaambiwa ukweli."

Norbert alitoa kwenye mfuko fulari, kitambaa cha shingo cha hariri, rangi ya maziwa, akaiweka mezani juu ya sabuni za Uvira. "Ni yako. Ya siku ya mariaje. Mimi nimesamehe yote, Keren."

"Umesamehe nini?" Sauti yangu ilikuwa ndogo. Huwa ndogo kila ninapoihitaji.

"Muda uliopotea." Alivuka miguu, akahakikisha kiatu hakigusi vumbi. "Bon, habari njo hii. Nimepewa nyumba ya kazi kule Kabimba. Umeme upo, maji yapo. Utakaa. Sitaki uguse tena ile..." Aliinyooshea ndoo kidole cha mwisho. "Ile sumu. Muke wa muntu wa biro hapiki sabuni. Utapumzika."

Nilimdharau kuanzia viatu mpaka marashi, na bado neno lile, utapumzika, liliniingia kama maji baridi. Nikimkubali, sitaifungua ndoo ile tena. Na hakuna atakayesema Keren aliogopa. Watasema Keren aliolewa. Woga wangu utavalishwa kola ndefu, utapigwa picha, utapigiwa vigelegele.

Nilimtazama Norbert nikaona kwamba hakuwa mume. Alikuwa kisingizio chenye mshahara.

"Na usifikiri tulikosa wengine," Mama Denise aliendelea. "Yule wa Kabimba..."

"Shangazi."

"...hakujua hata kusonga bukari. Na kinywa chake, mama yangu, kilikuwa kama mlango wa sokoni. Alimwambia Norbert maneno ambayo siwezi kuyarudilia."

Nilitamani sana ayarudilie. Nilimpenda ghafla msichana huyo nisiyemjua.

"Hodi," ilisikika sauti langoni, na moyo wangu, usiokuwa na adabu, uliruka kabla mimi sijageuka.

Alfani aliingia na bidoni ya mafuta begani. Ni mtoto wa familia ya wachuuzi wa ziwa. Mafuta anayatoa mji wa Baraka kwa boti, kisha anapanda nayo kilima mpaka kwetu. Wengi wakiikuta shingo yangu, macho yao ama yanaganda pale, ama yanakimbilia juu ya paa. Ya Alfani hupita juu yake kama yanavyopita juu ya mikono yangu, taratibu, yakielekea kwenye uso.

"Weka pale, kijana," Mama Denise aliamuru, "halafu utuletee maji ya kunywa."

Alfani alitua bidoni. Alikwenda kwenye mtungi, akachota maji, akampa kwa mikono miwili. "Karibu, mama." Nilimkasirikia kwa sababu hakukasirika.

"Huyu ni nani?" Norbert aliniuliza.

"Alfani. Anatuletea mafuta."

"Alfani." Alilitamka kama mtu anayetoa mwiba wa samaki ulimini. "Sasa munamuachia muislamu aingie hapa kama kwake?"

"Mafuta yangu hayajabatizwa, papa," Alfani alisema, "lakini yanatoa povu kwa watu wa dini zote."

Nyuma ya jiko mtu alikohoa. Nafikiri Mama alikuwa anazuia kicheko. Norbert hakucheka. Alinigeukia, na upole ulikuwa umekwisha kwenye chupa.

"Basi. Unasema nini?"

"Ninaweza kufikiria kwanza?"

"Kufikiria?" Alimtazama shangazi yake, wakacheka pamoja kidogo. "Na shingo hiyo?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipokwenda mbele yangu. "Kule hospitali uliondoka, Norbert. Hukungoja hata niamke."

"Ulitaka nikae nifanye nini? Mimi njo nilimwaga maji?" Aliinuka nusu kwenye kiti. "Tuseme ukweli, kwa sababu hapa kwenu watu wanaumeza. Mama yako njo alikuunguza. Kama si ushamba wa milimani, kukimbia muntu kama mbuzi aliyeona fisi, leo ungekuwa na shingo yako. Mimi ninakuja kumsaidia kubeba kosa lake, na weye unataka kufikiria."

 Niliyasikia mafuta yanadondoka kutoka kwenye kitambaa alichokiacha Mama. Alfani alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekunja ngumi. Nilimtikisia kichwa. Sikutaka apigane. Nilikuwa nasikiliza nyayo.

Mama alitokea nyuma ya jiko. Kikwembe kilikuwa mabegani, kichwa kiko wazi, mikono imejaa mafuta mekundu mpaka kwenye viwiko. Alichukua kigoda cha jikoni, akakiweka mbele ya Norbert, karibu sana, akakaa. Akamtazama usoni.

Norbert, aliyekuwa anadharau ushamba wetu sasa hivi, aligeuza macho haraka kama mtoto. Alilelewa na watu haohao. Alijua maana yake.

"Mama Keren, unafanya nini?" Mama Denise aliinuka. "Huyo ni mukwe wako."

"Ninamwangalia," Mama alisema.

Alimwangalia kweli. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye pua, akapumzika kwenye kidevu, akarudi juu kwenye macho yaliyokuwa yanatafuta pa kwenda. Alikuwa na muda.

"Una uso mudogo, Norbert," alisema mwishoni. "Muda wote huu ninajificha kwenye magunia ya mihogo, ninasema kuna uso mukubwa wa kuheshimu. Kumbe ni huu tu."

"Mama, heshima..."

"Heshima njo ilinifanya nipige ile ndoo. Umesema kweli. Mimi njo nilimuunguza mutoto wangu." Hakunigeukia. Sauti yake ilikuwa sawa, kama anayeeleza namna ya kukausha ndagala. "Unajua kwa nini niliendelea kukukimbia? Nilijua nikikutazama, hutakuwa mukwe tena. Na kama weye si mukwe, basi mutoto wangu aliungua kwa sababu nilimukimbia mupita njia. Jambo hilo lilinikwama hapa. Leo umenisaidia kulimeza. Asante. Sasa toka kwangu. Vitu vya posa, wazee watavirudisha."

"Nani atamuoa?" Mama Denise alikuwa amekwisha kushika pochi yake. "Niambie. Na shingo ile, nani?"

"Si kazi yako. Kazi yako ni kumutafuta yule wa Kabimba umufundishe kusonga bukari."

Waliondoka. Norbert alijaribu kuondoka polepole, kama mtu mkubwa, lakini kiatu kilikanyaga mafuta yaliyomwagika na ikambidi amshike shangazi yake ili asianguke. Walivuka lango wameshikana hivyo. Fulari ilibaki mezani. Mama aliiinua, akaitazama kwenye jua, akaifunga kwenye mdomo wa bidoni tupu.

"Hii inachuja vizuri kuliko kile kitambaa changu," alisema.

Hatukukumbatiana. Sisi si watu wa hivyo. Lakini aliitazama shingo yangu, yote, bila kugeukia pembeni, na macho yake yalijaa maji, kisha akarudi kwenye mafuta yake. Mimi nilibaki na glavu mkononi.

Kisingizio kilikuwa kimekwisha kutoka langoni. Tulibaki mimi na ndoo.

Niliweka maji kwenye baseni. Nikasimama. Nikavaa glavu, nikaishika ndoo, nikaiachia. Alfani alikuja kando yangu, akanyoosha mkono.

"Nipe, nitaimwaga mimi. Weye kaa kule mbali."

Aliisema kwa huruma, na huruma ile ilinipandisha hasira kuliko matusi yote ya asubuhi.

"Weye na Norbert mulisoma wapi pamoja?" nilimwuliza.

"Vipi?"

"Yeye anataka nipumzike, weye unataka nikae mbali. Ni wimbo mumoja. Sogea."

Alisogea. Uso wake uliingia joto, lakini alisogea.

Nilichota soda kwa kikombe cha plastiki. Nilimwaga kidogo sana, kiasi cha chumvi ya mboga. Maji yalitoa mvuke. Mwili wangu wote ulirudi nyuma bila kuniuliza, na shingo yangu iliwaka pale pale ilipoungua, kama kwamba ngozi inakumbuka peke yake. Nilisikia Mama ameacha kuchuja. Hakuna aliyenihimiza, na niliwashukuru kwa hilo. Nilirudi kwenye baseni. "Unga wa kijinga weye," niliiambia soda kwa sauti ya chini. "Unadhani weye ni nani." Nikamwaga tena. Nikakoroga kwa mti, uso pembeni, machozi yananitoka kwa mvuke na kwa mambo mengine. Nilimwaga mpaka kikombe kikagusa sakafu ya ndoo, na kila mara nilitaka kukimbia, na kila mara miguu ilibaki, sijui kwa nini. Huenda ilikuwa imechoka na mimi.

Ilipokwisha yote, maji yalikuwa moto kabisa. Hapo mtu hungoja. Soda lazima ipoe kabla haijakutana na mafuta. Nilikaa kwenye kigoda ambacho Mama alikuwa amekiacha. Alfani alichuchumaa mbele yangu, mbali kidogo, kama aliyekatazwa.

"Umeacha kuogopa?" aliuliza.

Nilimwonyesha mikono. Bado ilikuwa inatetemeka.

"Naona," alisema.

"Alfani, kwa nini unapanda kilima hiki? Bandarini wanayanunua mafuta yako kabla boti halijafungwa. Huku hatujapika hata kipande kimoja. Unatuletea mafuta ya kuangalia."

Alichora kitu ardhini kwa kidole. "Huku kuna upepo mzuri."

"Upepo."

"Na Mama yako ananisalimia vizuri."

Nilingoja. Alifuta alichochora.

"Mama yangu ananiuliza kila siku niko wapi," alisema. "Ninamwambia bandarini. Weye humjui. Amekwisha kunitafutia binti wa mjomba wangu kule Kigoma. Anasema mkristo akiingia kwake, yeye atatoka. Hatanii. Siku moja alitoka kweli kwa sababu ya paka."

"Kwa hiyo unamdanganya."

"Ninangoja siku atakayokuwa na moyo mzuri."

Nilimtazama. Mwanamume mwenye mabega ya kubebea mapipa, anayevuka ziwa hili lenye mawimbi ya kumeza nyumba, anamwogopa mwanamke mmoja aliyeketi kwenye mkeka na tasbihi. Nilimdharau pia, kidogo, kwa muda mfupi. Kisha dharau ikanigeukia mimi, ikakuta sina pa kujificha, maana nilikuwa nimekaa miezi mingi nikimpenda mtu huyu na kumwuliza habari za mvua.

"Soda itapoa saa ngapi?" aliuliza. "Nikuje kukusaidia kukoroga mafuta? Nikitoka bandarini..."

"Alfani."

"Kama hutaki..."

"Nyamaza kidogo. Nikinyamaza mimi sitasema tena."

Mama alikuwa pale na kitambaa chake. Jirani alikuwa ameegemea ukuta wake tangu Norbert alipofika, hana hata aibu ya kujifanya anafua. Sauti yangu ndogo ilikuwa ndiyo niliyokuwa nayo, nikaitumia yote.

"Ninakupenda," nilimwambia. "Sitaki huruma yako, na mafuta ninaweza kuyanunua kwa mtu mwingine. Ninakutaka weye. Sisemi hivi kwa sababu nimeacha kuogopa. Ninaogopa mpaka kwenye meno. Na weye mwogope mama yako, sikukatazi. Lakini nenda ukamwambie leo, ukitetemeka hivyo hivyo."